Nilienda Almaty kusoma Kirusi, walionifundisha wala hawakuwa Warusi

Kila nikisema nimesoma Kirusi swali linalofuata ni "Moscow kukoje?" na nikijibu sijawahi kukanyaga Moscow watu wanaona kama nawazuga. Nilisomea Almaty, Kazakhstan, semesta moja ya kuanzia Septemba, na Warusi wenyewe niliozoeana nao kule ni wachache mno, sasa ndo nimeona niandike, maana nimechoka kuelezea hii kitu kwa voisi za WhatsApp.

Sababu ya kwenda haina mashairi. Mi ni mtu wa mapokezi, hoteli ya pwani ya mashariki Unguja, na walio kwenye kazi hii wanakumbuka 2020 na 2021 ilivyokuwa, dunia imefungwa, Zanzibar iko wazi, ndege za kukodi zinashusha watu kutoka Urusi na Ukraine, na kufumba na kufumbua vijana wa Paje na Nungwi wote wanaita "privet, kak dela" (mambo, habari yako) ufukweni. Kiitaliano tulikuwa nacho tangu zamani, Kirusi hakukuwa na mtu. Mgeni anakuja kulalamikia kiyoyozi, Kiingereza hana, anakuonyesha simu imemtafsiria kwamba upepo wake amefariki. Nikaona hapa kuna hela. Nikaanza kuweka akiba.

Almaty niliichagua kwa hesabu. Urusi yenyewe kuna vita, kadi za benki za huku kwetu hazifanyi kazi kule, na mama asingelala. Kazakhstan nauli ya kupitia Dubai inavumilika, vyuo vina kozi za Kirusi kwa wageni, na mjini Kirusi kinaongewa kila kona, maana nchi ilikuwa ndani ya Muungano wa Kisovieti, na Moscow ndo ilikuwa inatawala. Nilipomtajia mama jina la mji hakuufahamu, nikamwambia zamani ukiitwa Alma-Ata, akashtuka: "Alma-Ata ya azimio?" Mama ni nesi mstaafu, na manesi wa rika lake chuoni walikaririshwa Azimio la Alma-Ata, la Septemba 1978, WHO na UNICEF walipokutana kule na nchi za dunia kukubaliana kuhusu huduma ya afya ya msingi, ile habari ya zahanati vijijini na wahudumu wa afya wa jamii. Kwa hiyo mji niliokuwa nauona mgeni, mama alishaujibia mtihani. Ruhusa ikapatikana palepale.

Mji umejiegemeza mlimani. Upande wa kusini kuna milima ya Alatau, vilele vyeupe, na mji mzima unapanda kuelekea huko, kwa hiyo ukimuuliza mtu wa Almaty njia hakwambii kulia wala kushoto, anakwambia panda juu au shuka chini, juu ni mlimani, chini ni kinyume chake, basi, ukishaelewa hilo hupotei. Pembeni ya barabara kuna mifereji ya kupitisha maji ya kutoka milimani, inanywesha miti, na ukitembea huku unachati mguu unaingia. Septemba ni raha tupu, matufaha kila mahali (matufaha ya dunia nzima asili yake ni miti pori ya milima ya huko), ila ikifika Novemba wanachoma makaa ya mawe kupasha mji joto, moshi unatanda, milima inapotea kabisa kama haikuwepo na koo linawasha wiki nzima. Wanaopiga picha za Almaty za Instagram hawapigi Novemba.

Darasani tulikuwa Waafghani, Wachina, Mturuki, wasichana wa Korea Kusini na mimi. Mwalimu wa sarufi alikuwa mama wa Kitatari anayevaa kila siku kama anaenda harusini, mkali, haongei neno lolote zaidi ya Kirusi tangu siku ya kwanza, hujaelewa basi kaa hivyo hivyo utaelewa.

Na nitasema kitu hapa ambacho hakisemwi: mtu wa Kiswahili ana mtaji kwenye Kirusi. Wenzangu wa Kichina walikuwa wanateseka kwa nini kivumishi kifuatane na jinsia ya nomino, mi nashangaa shida iko wapi, sisi tuna ki-vi, m-mi, ji-ma, u-zi na mazagazaga mengine yote na mtoto wa miaka minne anayapanga bila kufundishwa, wao wana jinsia tatu tu. Ugumu uko mahali mabadiliko yanapokaa. Sisi kazi kubwa tunaifanya mbele ya neno, wao mbele pametulia, mkia ndo unacheza, hali sita za nomino, na mkia wenyewe mtu akiongea haraka anaumeza, sasa wewe umetega sikio kichwani mwa neno kama ulivyozoea maisha yako yote na habari yote imepita nyuma.

Vitenzi vya kwenda vilinipa raha. Kwenda kwa miguu kina kitenzi chake, kwenda kwa chombo kina chake, na kila kimoja kina pacha, mmoja wa kwenda sasa hivi uelekeo mmoja, mwingine wa kwenda kila mara au kwenda na kurudi. Wenzangu walijaza daftari mishale. Mi niliandika pembeni "naenda" na "huenda" nikaendelea na maisha, mpaka walipoanza kubandika viambishi mbele, wa kuingia, wa kutoka, wa kupitia, wa kufika mpaka mahali, wa kuzunguka, hapo tukawa sawa wote. Mambo mengine kwa haraka: mkazo kwetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho na haubanduki, kwao unatembea utakavyo na hakuna kanuni, unakariri neno kwa neno. Ukisema tu "nilikula" kitenzi kinatangaza wewe ni mwanamke au mwanaume. Salamu ya heshima, zdravstvuyte, ina konsonanti zimebanana mpaka ulimi wa Kibantu unatafuta irabu ya kupumzikia. Na saa nane na nusu mchana wao wanaiita nusu ya saa ya tatu, mtu umetoka kwenye saa za Kiswahili unaziweka za Kizungu unaziweka tena za Kirusi, wadau, kuna miadi mingine bora usiende.

Ila Kirusi cha kuongea sikukipatia darasani, nilikipatia jikoni. Nilipanga chumba kwa bibi mmoja Mkorea, jengo la enzi za Khrushchev, kiongozi wa Kisovieti aliyekuja baada ya Stalin, ghorofa nne, lifti hakuna. Nyumba ina sheria. Viatu mlangoni, unapewa malapa ya ndani ya kwako. Usimpe mtu mkono kizingitini. Usikae kwenye ngazi za zege, hutazaa. Usifungue madirisha mawili kwa mpigo, upepo wa kupita katikati unaua, na hii wanaiamini kuanzia profesa mpaka muuza mchicha. Wakati huo huo joto linaletwa na serikali kwa mabomba, halipunguzwi, nje kuna theluji na ndani umevaa kanga unatoka jasho na dirisha ni moja.

Bibi alikuwa anatengeneza saladi ya karoti kila Jumamosi. Anaziparuza ndefu nyembamba kama nyuzi kwenye kiparuzio maalum, anatia chumvi anaziminya kwa mkono mpaka zinalegea, siki, giligilani ya kusaga, pilipili nyekundu, kitunguu saumu kinarundikwa katikati, afu mafuta yakishafuka moshi anamwaga juu, linasikika chwaaa, nyumba nzima inanukia. Inaitwa morkovcha na ukifika soko la Zelyony Bazar, soko kubwa la katikati ya mji, kuna safu nzima ya kina mama wa Kikorea wanauza hiyo na saladi nyingine, wanakuonjesha kwa ncha ya uma. Nikawaalika wale wasichana wa Korea Kusini darasani kwetu waje wale chakula cha kwao. Hawakukijua. Korea yenyewe hakipo. Bibi akaeleza kwamba wazee wao walipofika Kazakhstan kabichi yao ya kule kwao hawakuikuta, karoti zilikuwepo, basi.

Na hiyo jioni ndo niliiona vizuri hii lugha niliyoilipia ada. Bibi alijaribu Kikorea chake na wale wasichana, Kikorea cha zamani cha mpakani kaskazini alichosikia kwa mama yake, maneno ya jikoni na ya kugombeza watoto, wale wasichana wakawa wanatazamana. Hawaelewi. Wakajaribu wao, bibi haelewi. Ikabidi Wakorea na Mkorea waongee Kirusi, Kirusi cha wasichana chenyewe cha miezi miwili, "hii, tamu, bibi, sana", na mimi Msambaa wa Tanga ndo mkalimani.

Mama yake bibi aliletwa na treni 1937 akiwa mtoto. Stalin aliwaona Wakorea wa mashariki ya mbali, karibu na Vladivostok, kama watu watakaoifanyia Japani ujasusi, akawahamisha wote, watu kama 172,000, kwenye mabehewa ya mizigo, safari ya kama mwezi mzima, wakamwagwa Kazakhstan na Uzbekistan majira ya baridi yanaingia. Wengi walishushwa Ushtobe, kaskazini mashariki ya Almaty, nyika tupu, wakachimba mashimo ardhini wakaishi humo. Bibi anasema mama yake alikuwa anawataja Wakazakh waliokuja na mkate. Anasimulia huku anaparuza karoti wala hapunguzi kasi.

Tangu hapo kila mtu niliyemkuta nikawa nahesabu treni yake. Wajerumani wa Volga, 1941. Wachecheni na Waingush, Februari 1944. Waturuki wa Georgia, Novemba 1944. Wapoland, 1936. Wauyghur na Wadungan, Waislamu wenye asili ya China, wengi wao treni hawakupanda, walivuka mpaka kutoka China kwa awamu tofauti, na tambi zao za lagman ndo chakula nilichokula kuliko vyote. Warusi na Waukraine waliletwa na mengi, ardhi, vita, viwanda, kampeni ya Khrushchev ya kulima nyika kuanzia 1954. Almaty leo ina makundi ya maigizo ya Kikazakh, Kirusi, Kiuyghur, Kikorea na Kijerumani, kila moja na jumba lake, lile la Kikorea lilianzishwa Vladivostok 1932 likahamishwa na watu wake. Vipeperushi vya chuo vinaandika "mji wa tamaduni nyingi" na picha ya vijana wanatabasamu wamevaa kofia za kienyeji. Sawa, ni kweli, na kuishi humo ni raha, siwezi kusema uongo. Ila mchanganyiko ule mwingi haukujileta, na kipeperushi kingekuwa na adabu kingeweka hata behewa moja.

Na wenye nchi yao? Mpangaji mwenzangu alikuwa binti wa Kikazakh wa Kyzylorda, kusini, amekua na Kikazakh, Kirusi kakikuta shuleni, kwa hiyo makosa yake na yangu yalikuwa ndugu na tulielewana haraka kuliko na mtu yeyote. Yeye ndo alinielezea njaa ya 1930 mpaka 1933, wafugaji walipolazimishwa kuingia kwenye mashamba ya pamoja na mifugo ikachukuliwa, wakafa kama watu milioni 1.5, wengi kabisa Wakazakh. Yaani wale waliopeleka mkate Ushtobe 1937 ni watu waliotoka kuzika miaka minne nyuma. Kwenye sensa ya 1959 Wakazakh walikuwa asilimia 30 tu ndani ya Kazakhstan. Sasa wamerudi kuwa zaidi ya asilimia 70, na lugha nayo inarudi. Kikazakh ni lugha ya taifa, Kirusi kinatumika rasmi pembeni yake, lakini kwenye basi unasikia vijana wanavyojirekebisha wenyewe, sentensi inaanza Kirusi inaishia Kikazakh.

Rafiki yake wa mjini, Mkazakh aliyezaliwa Almaty, Kikazakh ni cha kuungaunga, akienda kwa bibi yake anasemwa. Akaniambia nyie mna bahati, lugha yenu ya taifa ni ya kwenu. Nikamwambia baba yangu Msambaa na Kisambaa changu kinaishia kwenye salamu. Akafurahi sana, akaona tumelingana. Nikakataa, na bado nakataa. Kiswahili mimi nilikipata kwa sababu wazazi wangu walihamia mjini wakanizalia humo, hakuna aliyempakia babu yangu kwenye behewa wala aliyemnyang'anya ng'ombe wake afe njaa. Kupoteza ni kupoteza, lakini njia ya kupoteza ina uzito wake, na yeye ana mtu wa kumkasirikia, mi sina. Tulibishana mpaka saa sita usiku. Kwa Kirusi, si kulikuwa hamna kingine.

Kitu sikukitegemea ni Kikazakh kuniita. Nilisikia nikiwa jikoni mwenzangu anaongea na simu, habar, kitap, uaqyt, dunie, aqyl, nikadhani nimepagawa. Habari, kitabu, wakati, dunia, akili. Mwalimu ni mughalim. Kiarabu kimepita kwao na kimepita kwetu. Hata maandishi, wao waliandika kwa herufi za Kiarabu kama wazee wa Lamu na Unguja walivyoandika Kiswahili, wakapelekwa Kilatini 1929, wakapelekwa za Kirusi 1940, na tangu 2017 kuna mpango wa kurudi Kilatini unaokwenda unasimama. Barua ya bibi mzaa bibi mjukuu haisomi.

Mimi na huyo mpangaji mwenzangu tulienda kwao Kyzylorda likizo fupi ya Oktoba, treni ya usiku mzima na zaidi. Mama yake akaweka baursak mezani. Jamani, ni mandazi. Mandazi kabisa, na chai ya maziwa, na pakiti ya chai nikaivuta nisome kujizoeza herufi, imeandikwa chai ya Kenya ya punje. Wakazakh wanaipenda hiyo kupita kiasi, madukani imejaa. Nikawaambia hii ni ya jirani zangu, wakaita majirani zao waje kunitazama. Chai yenyewe wanakumiminia nusu bakuli, ukimaliza nusu nyingine, ndo heshima, wakikujazia mpaka juu maana yake kunywa uende. Sahani ya nyama ilipokuja ilikuwa farasi. Nikajipa moyo kwamba kwa sisi Mashafii farasi hana neno, cha kuchekesha wao ni Mahanafi ambao imam wao ndo hakuipendelea, na wanaikata kwa furaha.

Kuhusu rangi, kwa sababu najua mtauliza. Wanakuangalia, watoto wanaonyesha kidole, kina mama sokoni wanashika nywele bila hodi. Mara moja moja kuna mlevi. Lakini kilichonichosha kuliko mlevi ni Pushkin. Kila dereva wa teksi aliyezidi miaka 50, awe Mkazakh awe Muuyghur awe nani, ukishakaa tu anakwambia Pushkin alikuwa wa kwenu, na ni kweli, baba yake babu mzaa mama wa mshairi huyo wa Kirusi, Gannibal, aliletwa kutoka Afrika akiwa mtoto akakulia kwa tsar Peter. Wakimaliza Pushkin wanakuja kwa Lumumba, shuleni waliimba kuhusu Lumumba. Nilijifunza kujibu kwa sentensi ndefu yenye hali zote sita, wananyamaza kwa mshangao, nauli hawapunguzi.

Desemba tarehe 16 ni siku ya uhuru wao, na mwezi huo huo 1986 vijana wa Kikazakh waliandamana Almaty baada ya Moscow kumtoa Kunaev, Mkazakh aliyekuwa mkuu wa chama cha kikomunisti pale, na kuwawekea Kolbin, mtu wa nje kabisa ya nchi, wakapigwa na wengine wakafa. Mwenzangu alinipeleka kuweka maua kwenye mnara pale uwanjani. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Wazee kadhaa walikuwepo na walikuwa wanaongea kwa sauti ya chini, Kikazakh, na sikuuliza.

Nimerudi kazini na Kirusi kinafanya kazi. Kiyoyozi hakifariki tena. Wageni wa Moscow wananicheka kidogo, wanasema naongea kama mtu wa Almaty, nina "koroche" (yaani "kwa kifupi") kila sentensi ya pili na wakiniuliza ufukwe uko wapi nawaambia shukeni chini. Wageni wa Kazakhstan wakija naanza kwa Kikazakh changu cha maneno kama 30, na hapo ndo bahshishi inapotoka, sikufichi.

Kwa wanaotaka kwenda: herufi jifunzeni hapa hapa kabla ya kupanda ndege, ni kazi ya wiki moja, msiende kupoteza ada ya huko kwa kusoma a-be-ve. Ombeni chuo barua ya mwaliko mapema, viza inaanzia hapo. Tafuteni chumba kwa familia badala ya hosteli, kodi ilipanda tangu Warusi wengi walipokimbilia huko 2022 lakini vyumba vya bibi bado vipo. Na koti na buti za baridi msinunue mitumba Karume, za mitumba za huku zimeletwa kwa ajili ya baridi ya watu wengine. Nendeni Barakholka, soko la nje kidogo ya mji, mkiwa na mwenyeji wa kuwapatania bei, na mvae soksi nene siku ya kujaribu buti la sivyo Januari halitaingia.